Jinsi ya Kuthibitisha kwamba ni Mwanga Ulioibadili Kampaundi ya Platini

Mwanafunzi wa maabara jijini Nairobi anayeacha myeyusho wa chumvi ya platini dirishani saa sita mchana, kisha akaukuta umebadilika rangi, bado hajapata ushahidi kwamba mwanga ndio ulioubadili. Jua la mji huu, ulio karibu na ikweta na kwenye mwinuko wa takribani mita 1,800, huleta mwanga na joto kwa pamoja, na chumvi kadhaa za platini humenyuka na maji hata gizani.

Chukua tetrakloroplatinati ya potasiamu, K₂PtCl₄, chumvi nyekundu ambayo ndani yake platini imezungukwa na ioni nne za kloridi kwenye pembe za mraba. Ikiyeyushwa, kloridi moja huondoka polepole na maji yakashika nafasi yake. Vaa glavu na uipime ndani ya kabati la kutolea hewa chafu, maana vumbi la kloroplatinati huweza kumsababishia mtu pumu ya kudumu; nalisisitiza hili kwa kuwa madhara yake hayarudi nyuma. Miligramu 21 katika mililita 10 za maji zatosha.

Gawa myeyusho huo, ukiwa bado mpya, katika vijichupa viwili vinavyofanana, kimoja ukikifunga kabisa kwa karatasi ya alumini, kisha uvitumbukize vyote katika beseni moja la maji ya nyuzi 25 na kuvimulika kwa taa. Beseni hilo ndilo moyo wa jaribio, kwa sababu bila joto lililo sawa ulinganisho wote huporomoka. Pima ufyonzaji wa vyote viwili kwa spektrofotomita, kifaa kinachopima kiasi cha mwanga unaofyonzwa, tangu mwanzo, na kila baada ya dakika chache. Mabadiliko ya kijichupa cha gizani ni kazi ya maji peke yake. Yanayozidi hapo katika kile cha mwangani ndiyo ya mwanga.

Taa nayo ichaguliwe kwa makini. Mwanga usiofyonzwa hauwezi kufanya lolote, hata ukiwa mkali namna gani, na chumvi hii hufyonza vizuri karibu na nanomita 390. Hapo moli moja ya fotoni hubeba takribani kilojuli 307, nishati inayoinua elektroni hadi kwenye obiti inayolegeza kifungo cha platini na kloridi, na kloridi ikaachia.

Platini yenye chaji ya +4 hufuata njia nyingine: mwanga waweza kusukuma elektroni kutoka kwenye ligandi, yaani ioni au molekuli zinazoizunguka metali, kwenda kwenye metali yenyewe. Katika heksakloroplatinati, ambamo platini hiyo imezungukwa na kloridi sita, fotoni moja huweza kuanzisha mnyororo wa mimenyuko unaobadilisha kloridi nyingi kabla haujakatika, kwa hiyo wingi wa mabadiliko peke yake haukwambii fotoni ngapi zimefanya kazi. Mwanasayansi wa Marekani Barnett Rosenberg na wenzake, waliochapisha ugunduzi wao mwaka 1965, walikuta kwamba chumvi ya amonia ya aina hiyo hugeuzwa na mwanga kuwa kampaundi inayozuia bakteria kugawanyika, na uchunguzi huo ukawafikisha kwenye sisplatini, dawa ya saratani.

Mwishoni zima taa katikati ya jaribio, uendelee kupima. Kasi ikishuka mara moja karibu na ile ya gizani, mwanga ulikuwa ukiusukuma mmenyuko hatua kwa hatua. Mabaki yakusanye katika chupa yenye lebo, usiyamwage kwenye sinki.