Jinsi ya kuripoti hitilafu ya matokeo ya utafutaji kwenye Stack Overflow

Umetafuta swali, ukurasa umefunguka, lakini kuna kitu hakikai sawa. Swali moja limejitokeza mara mbili, kichwa kimejaa alama zisizosomeka, au hesabu ya juu inasema matokeo yapo na chini ni patupu. Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandika programu, pamoja na tovuti nyingine zaidi ya 170 za mtandao wa Stack Exchange, zina utaratibu rasmi wa kupokea ripoti kama hizo. Hulipi kitu wala hujazi fomu ya kurasa tatu. Kazi yako ni moja: kumwezesha mhandisi asiyekujua aone kwa macho yake ulichokiona wewe. Asipokiona, ripoti imekufa.

1. Hakikisha kweli ni hitilafu

Swali kujirudia ndilo linalowachanganya wengi. Utafutaji wa Stack Overflow hauleti maswali peke yake, huleta na majibu. Neno lako likiwemo ndani ya swali na pia ndani ya jibu lake, utaona mistari miwili yenye kichwa kilekile. Bofya wa pili, utatua moja kwa moja kwenye jibu. Ukitaka maswali tu, andika `is:question` pamoja na maneno yako. Ukitaka majibu tu, andika `is:answer`.

Kuna na hili la kurasa. Umepanga matokeo kwa kichupo cha Newest, ukakaa kwenye ukurasa wa kwanza dakika kumi ukisoma, kisha ukafungua wa pili. Maswali yaliyoingia katika dakika hizo yameshawasukuma wenzao chini, kwa hiyo swali lililokuwa la mwisho kule utalikuta la kwanza huku. Hakuna kilichoharibika hapo. Vilevile, ukitafuta lebo (jina la mada linalobandikwa kwenye swali) peke yake bila neno lolote, tovuti hukuhamishia kwenye ukurasa wa lebo, ambao sura yake inafanana na ya utafutaji lakini mtambo wake ni mwingine. Na swali ulilolihariri sasa hivi linaweza kuonekana kwa sura yake ya zamani kwa muda mfupi, kwa sababu faharasa ya utafutaji haijalifikia.

2. Safisha upande wako

Pakia ukurasa upya kwa Ctrl+Shift+R ili kivinjari kisikupe nakala ya jana. Rudisha ukubwa wa maandishi kwa Ctrl+0. Kisha fungua kiungo hichohicho kwenye dirisha la faragha: Ctrl+Shift+N kwa Chrome, Ctrl+Shift+P kwa Firefox. Humo viendelezi vingi, yaani programu ndogo zilizoongezwa kwenye kivinjari, huwa vimezimwa na hujaingia kwenye akaunti yako. Tatizo likitoweka, mtuhumiwa yuko kwako.

Hatua hii msiidharau. Mimi niliwahi kuandika ripoti ya aya nne kuhusu tokeo moja lililokuwa halionekani. Ilibaki kubofya kitufe tu. Nikamwomba jirani yangu wa mezani afungue kiungo kilekile, tukahesabu pamoja: kwangu mistari 14, kwake 15. Kumbe kiendelezi changu cha kuzuia matangazo, tena kwa kanuni niliyoiandika mwenyewe, kilikuwa kinameza kila mstari wenye neno "banner", na lile swali lilihusu kuweka banner kwenye ukurasa. Nilifuta ripoti kimyakimya.

Wanaotumia Opera Mini kuokoa bando wawe waangalifu zaidi. Katika hali yake ya kubana sana, ukurasa hutayarishwa kwenye seva za Opera kabla ya kufika kwenye simu yako, kwa hiyo unachokiona si lazima kiwe ndicho tovuti ilichotuma. Jaribu kwa kivinjari kingine kabla ya kumlaumu mtu.

3. Kusanya ushahidi

Kitu cha kwanza ni kiungo kizima. Anwani ya ukurasa wa matokeo hubeba ulichotafuta, kichupo ulichochagua na namba ya ukurasa, kwa hiyo inakili yote. Ongeza jina na toleo la kivinjari, aina ya mashine, na kama ulikuwa umeingia kwenye akaunti au la.

Andika na saa. Stack Overflow inahesabu muda kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, na Afrika Mashariki iko saa tatu mbele, hivyo sisi tunapaswa kugeuza mara mbili. Saa tatu usiku ya Dar es Salaam au Nairobi ni 21:00, na kwa UTC ni 18:00. Ukikosea hapo, mtu atachimba kumbukumbu za saa ambayo hukuwepo.

Piga picha ya skrini, lakini ikate ibaki sehemu yenye tatizo tu. Hakuna haja ya dunia nzima kuona ujumbe wa M-Pesa uliodondoka juu ya skrini yako.

Kwa maandishi yaliyoharibika, picha haitoshi. Tuseme kichwa kinachopaswa kusomeka `<div>` kinasomeka `<div>`. Alama ya `<` kivinjari hudhani ni mwanzo wa amri ya HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, ndiyo maana seva huiandika kwa msimbo `<`, na kivinjari kikaurudisha kuwa `<` mbele ya msomaji. Msimbo ukipitishwa kwenye kazi hiyo mara mbili, ile `&` nayo hugeuzwa kuwa `&`, na msomaji anabaki anatazama msimbo mtupu. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya kichwa hicho, chagua kukagua, unakili kilichomo. Mstari huo mmoja una thamani kuliko maelezo ya nusu ukurasa.

4. Chagua mlango sahihi

Jaribu utafutaji kama huo kwenye tovuti nyingine ya mtandao, kwa mfano Super User. Hitilafu ikiwa Stack Overflow pekee, peleka Meta Stack Overflow, yaani ukumbi wa kujadili tovuti yenyewe. Ikijitokeza na kwingine, peleka Meta Stack Exchange. Kwenye Meta ya tovuti mojamoja unahitaji pointi 5 za sifa. Kura moja ya juu hukupa 10, na pendekezo la kuhariri likikubaliwa hukupa 2. Usiye na pointi, tumia ukurasa wa mawasiliano ulio chini kabisa ya tovuti. Na kama hitilafu inafichua taarifa za watu, usiiandike hadharani hata kama una pointi elfu kumi. Ipeleke huko kwenye mawasiliano.

Kabla ya kuandika, tafuta kama kuna aliyekutangulia. Ukimkuta, ongeza ushahidi wako kwake. Ripoti ya pili ya jambo lilelile hufungwa.

5. Andika

Stack Overflow ina matoleo ya Kireno, Kihispania, Kirusi na Kijapani. Kiswahili hakimo, kwa hiyo ripoti itakuwa ya Kiingereza. Isikutishe, na usiende kutafuta Kiingereza cha bungeni. Sehemu tatu zinatosha: nilifanya nini, nikaona nini, nilitarajia nini. Kichwa kiseme kitu chenyewe. "Utafutaji umeharibika" hakimwambii mtu lolote. Kichwa kinachosema kwamba alama ya `<` kwenye vichwa vya matokeo inaonekana kama msimbo kinampeleka mhandisi moja kwa moja kwenye tatizo.

Weka lebo `bug`, ambayo ni mojawapo ya nne ambazo kila chapisho la Meta lazima liwe na angalau moja, kisha ongeza `search`. Hasira ziache nje. Watu wa Meta ni wepisi wa kupiga kura za chini.

6. Fuatilia

Kuanzia hapo majibu huja kwa lebo za hali, ambazo wasimamizi na wafanyakazi pekee ndio wanaoweza kuziweka. `status-review` maana yake ripoti imepelekwa kwa wafanyakazi. `status-bydesign` ni kwamba ndivyo ilivyokusudiwa, rudi hatua ya 1. `status-declined`, wamekataa. `status-norepro` ndiyo inayouma: wamejaribu, hawakuiona. Usibishane kwenye maoni. Rudia hatua zako kwenye mashine nyingine, andika kinachotofautiana, kisha hariri ripoti yako ileile, kwa sababu kuihariri huirudisha juu ya orodha.

Ikiwekwa `status-completed`, fungua kile kiungo ulichokinakili mwanzoni uangalie. Hitilafu ikirudi baada ya miezi kadhaa, andika ripoti mpya na uweke humo kiungo cha ile ya zamani.