Namna ya Kulinganisha Bei za Gemu za Nchi Mbalimbali Kabla ya Kulipa

Mimi huendesha chumba cha michezo ya video hapa Kondele, Kisumu, na karibu kila wiki kijana huniuliza kwa nini gemu ile ile iwe nafuu India kuliko kwetu. Huu ndio utaratibu ninaoufuata kabla ya kununua chochote kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta.

Hatua ya kwanza ni kujua bei yako ni ipi. India ina rupia yake pale dukani na Afrika Kusini ina randi yake, lakini shilingi ya Kenya haimo, kwa hiyo sisi huuziwa kwa dola ya Marekani. Valve, kampuni inayomiliki Steam, hupendekeza tu kiwango cha bei kwa kila sarafu, na mapendekezo hayo iliyafanyia marekebisho makubwa mwaka 2022. Mwenye kukata bei ni mchapishaji wa gemu. Ndiyo sababu nchi iliyo nafuu kwa gemu moja huwa ghali kwa nyingine. Inaniuma kwamba mwanafunzi wa Maseno hutozwa sawa na mfanyakazi wa Chicago, na ningependa wachapishaji wengi zaidi walifikirie jambo hili.

Pili, fungua tovuti ya SteamDB, utafute gemu yako, kisha usome jedwali la bei za sarafu zote. Usiishie hapo: chagua dola na utazame grafu ya bei za nyuma, kwa sababu bei ya chini kabisa iliyowahi kutolewa kwa dola itakufaa kuliko bei ya leo ya rupia, ambayo huwezi kuilipa.

Tatu, geuza dola kuwa shilingi kwa kiwango ambacho kadi yako itakutoza, si kile cha Benki Kuu. Tuseme gemu ni dola 59.99. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola utahesabu takriban 7,739, lakini kadi ikitumia 133 utalipa takriban 7,979. Wengi wetu hulipa kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay, iliyozinduliwa mwaka 2022, na kiwango chake kitazame siku ile ile ya kulipa. Gemu hiyo ikishushwa hadi dola 14.99, kwa kiwango hicho cha 133 utatoa takriban 1,994. Kungoja hukuokolea pesa nyingi kuliko kuhangaikia nchi za watu.

Nne, usijifanye mkazi wa kwingine. Masharti ya Steam yanakataza kuficha mahali ulipo kwa VPN (programu inayokuonyesha kana kwamba uko nchi nyingine), na kubadilisha nchi hudai njia ya malipo ya nchi hiyo. Uturuki na Argentina, zilizosifika kwa unafuu, zilihamishiwa kwenye dola Novemba 2023. Mimi mwenyewe niliwahi kununua msimbo wa kufungulia gemu kwa muuzaji wa mtandaoni, nikaukuta umefungiwa eneo jingine, na pesa hazikurudi. Tangu hapo husoma kwanza msimbo unakubalika nchi zipi.

Mwisho, weka gemu kwenye orodha ya matamanio ili upate taarifa bei inaposhuka. Ukishanunua, ijaribu mapema kwenye mashine yako, kwa kuwa ombi la kurudishiwa pesa hukubaliwa kwa kawaida ndani ya siku 14, mradi hujacheza zaidi ya saa 2.