Namna ya Kupanga Mradi Mkubwa wa Makazi Kando ya Mtaa Unaokaliwa

Mwongozo huu nauandikia maofisa mipango miji wa halmashauri, kampuni zinazopima na kuuza viwanja, na wenyeviti wa mitaa ambao huletewa mchoro wenye mamia ya viwanja vilivyopangwa kandokando ya nyumba zao na kuombwa waugonge muhuri siku hiyohiyo. Nimefanya kazi ya kupanga makazi pembezoni mwa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na ninaamini kwa dhati kwamba mradi mpya unapaswa kupangwa kuanzia kwa watu waliopo, kwa sababu wao ndio watakaopokea maji yake ya mvua, malori yake na vumbi lake hata kabla nyumba ya kwanza ya mradi haijapauliwa.

Nitatumia mfano mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho: shamba la hekta 40 lililo juu kidogo ya mtaa usiopimwa wenye nyumba mia kadhaa. Hali hii si ya kubuni tu. Mradi wa Viwanja 20,000, mpango wa serikali wa kupima viwanja pembezoni mwa Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2002 na kufika Kibada, Gezaulole, Tuangoma, Bunju, Mbweni na Buyuni, haukukuta ardhi tupu. Ulikuta mashamba ya minazi, mikorosho na mihogo yenye wenyewe, pamoja na vijiji vilivyokuwapo kabla jiji halijafika.

Hatua ya 1: Tembea eneo lote pamoja na wenyeji kabla ya kuchora chochote

Anza kwa mtendaji wa kata, kisha mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha wajumbe wake, na uombe upewe wazee wawili au watatu wanaoijua historia ya eneo. Usiende na mchoro. Nenda na picha ya anga iliyochapishwa kwa ukubwa unaosomeka, kalamu, na kifaa cha GPS, halafu waache wao waongoze njia.

Mambo utakayoonyeshwa hayapo katika picha ya setilaiti. Utaonyeshwa mstari wa minyaa ambao kwako ni kichaka lakini kwa familia mbili ndio mpaka. Utaonyeshwa kisima kinachokauka Januari na kingine kisichokauka. Utaonyeshwa makaburi yasiyo na saruji, yenye mawe mawili tu au kichaka kilichoachwa makusudi. Haya yaweke kwenye ramani siku hiyohiyo, kwa sababu kuhamisha kaburi kunaongozwa na Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, na kwa maoni yangu ni afadhali mara zote kulipatia eneo la makaburi hadhi ya eneo la wazi ndani ya mchoro kuliko kulihamisha. Uliza pia kuhusu miti. Ukanda wa pwani una desturi ya mtu mmoja kumiliki shamba na mwingine kumiliki minazi au mikorosho iliyomo, na mpangaji asiyelijua hilo huandika jina moja mahali palipostahili mawili.

Fanya matembezi hayo mara mbili, na mara ya pili iwe wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Sababu yake itaonekana katika Hatua ya 4.

Hatua ya 2: Andaa daftari la wakazi na utangaze tarehe ya mwisho

Orodhesha kila kaya inayoguswa na mradi: mwenye nyumba, mpangaji, mwenye kibanda cha biashara, mwenye shamba asiyeishi hapo, na mjane anayelima kwa ruhusa ya ndugu wa marehemu mumewe bila karatasi yoyote. Mpangaji husahaulika zaidi kuliko wote, ilhali nyumba moja ya vyumba sita inaweza kuwa na kaya nne au tano. Daftari lisomwe hadharani katika mkutano wa mtaa, libandikwe ofisini, na muda wa kusahihisha utolewe kabla halijafungwa.

Thamani ya orodha iliyotunzwa vizuri ilionekana Magomeni Kota, makazi ya nyumba za umma jijini Dar es Salaam. Wakazi waliondolewa ili nyumba chakavu zibomolewe, wakasubiri kwa takriban miaka kumi, na majengo mapya yalipozinduliwa Machi 2022 walengwa wa kwanza walikuwa kaya zilezile 644 za wakazi wa zamani. Kusubiri kulikuwa kurefu mno, lakini madai yao hayakupotea, kwa kuwa idadi yao ilijulikana.

Kuhusu tarehe ya mwisho, yaani ile ambayo baada yake maendelezo mapya yanazuiwa, iweke, lakini zuio liwe na ukomo. Mwaka 2008 ulipotangazwa mpango wa mji mpya wa Kigamboni, wakazi walizuiwa kujenga na kuendeleza maeneo yao, na zuio hilo likaendelea kwa miaka huku mpango wenyewe ukibadilika. Mtu aliyezuiwa kuezeka upya nyumba inayovuja tayari amekwisha kuulipia mradi ambao haujampa chochote. Andika katika tangazo lenyewe kwamba zuio litakoma lini endapo malipo hayajafanyika, na uruhusu ukarabati wa kawaida wakati wote.

Hatua ya 3: Maliza fidia kabla mashine haijaingia

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki, na ilipwe kwa wakati. Katika utwaaji, yaani serikali inapochukua ardhi kwa ajili ya mradi, hesabu yake haiishii kwenye thamani ya ardhi, jengo na mazao. Kuna posho ya usumbufu, posho ya usafiri inayokadiriwa kwa tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, posho ya malazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36, na hasara ya faida kwa wenye biashara. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 imeongeza kinga nyingine: malipo yanapaswa kufanyika ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali, yakichelewa yanazaa riba, na uthamini wenyewe unapitwa na wakati baada ya miaka miwili.

Kampuni binafsi inayonunua kwa makubaliano haitumii utaratibu wa utwaaji, lakini naishauri itumie viwango hivyohivyo kama kima cha chini na iandike mikataba kwa Kiswahili, mbele ya wanandoa wote wawili. Zaidi ya hapo, tenga sehemu ya viwanja kwa ajili ya wanaohama, ndani ya mradi uleule. Mwenye shamba anayepewa fedha taslimu peke yake huenda kununua kipande kisichopimwa mbele zaidi, na baada ya miaka michache jiji humkuta tena katika hali ileile.

Hatua ya 4: Kokotoa maji ya mvua

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie, kwa sababu makosa mengi niliyoyaona yalikuwa ya maji. Niliwahi kushiriki mradi mmoja ambao mitaro yake ilichorwa vizuri hadi kwenye mpaka wa shamba na ikaishia hapo. Masika ya kwanza yaliyofuata, nyumba zilizokuwa hazijawahi kuingiwa na maji zilijaa hadi usawa wa vitanda. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mchoro wetu ulikoma mahali ambapo umiliki ulikoma, na maji hayakukoma hapo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya hekta moja ni mita za ujazo 10. Mvua kubwa ya milimita 50 juu ya hekta 40, basi, ni mita za ujazo 20,000. Shamba lenye nyasi na miti kwenye udongo wa kichanga linaweza kutiririsha takriban asilimia 20 ya maji hayo, yaani mita za ujazo 4,000, na mengine yakazama. Likijaa mapaa, lami na zege, asilimia hiyo inaweza kufika 60, yaani mita za ujazo 12,000. Tofauti ya mita za ujazo 8,000 ndiyo mzigo ambao mradi unauteremsha kwa jirani, na ni wajibu wa mradi kuubeba ndani ya mipaka yake.

Bwawa la kuzuia kasi ya maji lenye kina cha mita 1.5 litahitaji zaidi kidogo ya nusu hekta ili kuhifadhi kiasi hicho. Liweke upande wa chini wa mradi, lifungulie maji polepole kwenye mkondo wa asili, na lisanifiwe likauke ndani ya siku tatu, muda ambao mbu hawezi kukua kutoka yai hadi mdudu mzima. Wakati wa kiangazi uwanja huo unaweza kuwa wa mpira kwa watoto wa pande zote mbili. Kisha fuata mtaro hadi kwenye mto au korongo, upime upana wa kila kalvati (bomba au daraja dogo la kupitisha maji chini ya barabara) linalopitiwa, na uweke gharama ya kulipanua katika bajeti ya mradi.

Maji taka nayo yahesabiwe. Ikiwa nusu ya hekta 40 itakuwa viwanja vya wastani wa mita za mraba 400, hivyo ni viwanja 500, na pasipo mfumo wa pamoja ni makaro (mashimo ya maji taka) 500 yaliyo juu ya visima vya watu wa chini. Umbali wa mita 30 kati ya karo na kisima, ambao hutumika sana kama kiwango cha chini, unahusu karo moja na kisima kimoja. Hautoshi kwa makaro mamia yanayozamisha maji katika mchanga mmoja. Pima ubora wa maji ya visima vya mtaa kabla ya ujenzi, uhifadhi matokeo, na upange ama mfumo wa pamoja wa kusafisha maji taka, ama bomba la maji safi kuufikia mtaa wa zamani katika awamu ya kwanza. Pia usichimbe visima virefu vya mradi karibu na bahari bila ushauri wa mtaalamu wa maji chini ya ardhi, kwani uvutaji mkubwa huingiza chumvi, na kisima cha jirani cha kamba na ndoo hakina pa kukimbilia.

Hatua ya 5: Chora mpaka kuwa barabara

Mahali ambapo mtaa mpya unakutana na wa zamani, weka barabara yenye njia ya waenda kwa miguu, na viwanja viitazame kutoka pande zote mbili. Ukuta mrefu wenye geti moja hukata njia za mguu za miaka mingi, na mwanafunzi aliyekuwa akitembea dakika 10 hulazimika kuzunguka. Njia zote ulizoonyeshwa katika matembezi zipewe nafasi kwenye mchoro, hata kama zitanyooshwa kidogo.

Barabara hiyo ndiyo pia mahali pa shule, zahanati, soko na kituo cha daladala. Kwa wastani wa watu 4.3 kwa kaya uliopatikana katika sensa ya mwaka 2022, viwanja 500 vyenye kaya moja moja vitaleta watu wapatao 2,150, na watoto wa umri wa shule ya msingi wanakaribia moja ya tano yao. Kwa wanafunzi 45 kwa darasa, hayo ni madarasa tisa hadi kumi. Shule ya mtaa wa zamani haiwezi kuyabeba, na ikijengwa mpya katikati ya mradi nyuma ya geti, watoto wa mtaa hawataifikia.

Kufikiri pande mbili kwa pamoja si jambo geni kwetu. Katika miaka ya 1970 mpango mmoja ulitoa viwanja vyenye huduma Sinza, Kijitonyama na Mikocheni jijini Dar es Salaam, na wakati huohuo ukaboresha makazi ya Manzese.

Hatua ya 6: Rudisha mchoro mtaani ungali wa penseli

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka wadau washirikishwe, lakini mkutano mmoja wa watu mia tatu uwanjani huwapa nafasi wasemaji hodari tu. Nairobi ilitupa somo zuri: eneo la makazi duni la Mukuru lilipotangazwa mwaka 2017 kuwa eneo maalumu la upangaji, likiwa na takriban kaya 100,000, wakazi walijipanga kuanzia vikundi vya kaya kumi kumi, na wawakilishi wakapanda kutoka huko. Fanya hivyo hata katika mtaa mdogo. Kutana na wanawake peke yao, na wapangaji peke yao jioni watokapo kazini. Mwishoni, chukua chokaa ukachore upana wa barabara na ukingo wa bwawa juu ya ardhi yenyewe, kwa kuwa wengi wetu hatusomi ramani lakini sote tunajua kusimama juu ya mstari na kuona umepita ukumbini mwa nani. Kila pingamizi liandikwe pamoja na jibu lake, na majibu yasomwe katika mkutano unaofuata.

Hatua ya 7: Panga awamu, na upime pande zote mbili

Awamu ya kwanza iwe barabara ya mpakani, bwawa na mitaro, hata kama idara ya mauzo inataka kuanza na viwanja. Njia ya malori iamuliwe na mtaa, na muda wa kupita uandikwe katika mkataba wa mkandarasi. Vibarua na mama lishe watoke mtaani kwanza, kwa orodha inayosimamiwa na ofisi ya mtaa.

Halafu mpima ardhi akiwa bado yupo na vifaa vyake, mradi ulipie urasimishaji wa mtaa wa zamani, yaani kupima na kutambua kisheria viwanja vya nyumba zilizopo. Timu imeshafika, alama za upimaji zimeshawekwa, na gharama ya kuongeza nyumba mia kadhaa ni ndogo ikilinganishwa na bei ambayo viwanja 500 vitauzwa. Bikoni, yaani mawe ya mipaka ya viwanja, zikipandwa upande wa juu wa barabara asubuhi, zipandwe na upande wa chini kabla timu haijaondoka, na namba za viwanja ziendelee katika mchoro mmoja.