Jinsi ya kuandaa barua pepe za papo kwa papo kwenye simu za ofisi

Mtandao wa simu unapotangaza huduma ya barua pepe za papo kwa papo kwa wateja wa biashara, tangazo huzungumzia kasi na bei ya kifurushi, na afisa mauzo anayefika ofisini huja na fomu ya kusaini. Hakuna ubaya katika hilo, ila ieleweke kwamba mtandao unauza njia tu. Kama barua itaingia kwenye simu ya mfanyakazi aliyeko Kurasini dakika ileile ilipotumwa, au itaingia nusu saa baadaye, hilo huamuliwa zaidi na seva inayohifadhi barua zenu, programu iliyowekwa kwenye simu, na namna simu hiyo inavyobana matumizi ya betri. Mwongozo huu ni kwa ajili ya ofisi ndogo na za kati za Dar es Salaam ambazo hazina idara ya TEHAMA, na ambazo kazi ya namna hii hukabidhiwa mhasibu au katibu muhtasi kwa sababu tu ndiye anayesemekana kujua kompyuta.

Kwanza amueni ni nani anaihitaji. Wakala wa forodha anayesubiri nyaraka za mteja ili kontena litoke bandarini kabla tozo hazijaanza kuhesabiwa anaihitaji bila shaka. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza bidhaa Guangzhou anaihitaji pia, kwa kuwa mji huo uko mbele yetu kwa saa 5, na ofisi ya huko inayofungwa saa 12 jioni hufungwa wakati hapa ni saa 7 mchana. Barua ya asubuhi isiyojibiwa kabla ya hapo hulala hadi kesho yake. Mtunza stoo anayesoma barua mbili kwa wiki hana sababu ya kulipiwa.

Kabla ya kusaini

Tofauti ya huduma hii na barua pepe za kawaida za kwenye simu ni ndogo kuieleza. Kwa utaratibu wa kawaida simu huenda yenyewe kuuliza seva kila baada ya muda fulani, kama mtu anayekwenda Posta kufungua sanduku lake la S.L.P. akikuta kitu au asikute. Kwa utaratibu wa papo kwa papo, simu na seva huacha mawasiliano yakiwa wazi muda wote, na seva ndiyo inayotoa taarifa barua inapofika. Karibu matatizo yote yatakayojitokeza baadaye yanatokana na kukatika kwa mawasiliano hayo bila simu kujua.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua barua zenu zinahifadhiwa wapi na kwa mfumo gani. Kampuni nyingi zenye kikoa cha .co.tz zilinunua barua pepe pamoja na tovuti, na fundi aliyetengeneza tovuti ndiye aliyeunganisha kompyuta za ofisini, mara nyingi kwa mfumo wa POP, njia ya zamani ambayo kompyuta hutumia kuchukua barua kutoka kwenye seva. Mfumo huo, ambao toleo lake linalotumika hadi leo lilichapishwa mwaka 1996, hauna njia yoyote ya seva kuiambia simu kwamba kuna barua mpya. Zaidi ya hapo, kompyuta nyingi zilizounganishwa kwa POP huchukua barua na kuifuta kwenye seva, kiasi kwamba bosi akifungua simu yake jioni hukuta kikasha kitupu na kudhani siku nzima hakuna aliyeandika. Hata mkinunua kifurushi cha gharama kiasi gani, ofisi iliyoko kwenye POP haitapata barua za papo kwa papo.

Hameni kwenda IMAP, mfumo unaoacha barua kwenye seva ili zionekane kwenye kompyuta na simu kwa pamoja, lakini msihame kwa pupa. Barua ambazo kompyuta ilikwisha kuzichukua na kuzifuta kwenye seva zimebaki ndani ya kompyuta hiyo peke yake, na mtu akiondoa akaunti ya zamani ili aweke mpya anaweza kuzipoteza zote. Fanyeni nakala ya faili la barua kwenye diski ya nje, ongezeni akaunti ya IMAP kando ya ile ya zamani, hakikisheni barua mpya zinaonekana kwenye kompyuta na kwenye simu, ndipo muiondoe ya POP. Kwa kawaida IMAP yenye usimbaji fiche hutumia poti (namba ya mlango wa mawasiliano kwenye seva) 993 kupokea, na kutuma hufanyika kwa poti 465 au 587. Fundi akiwawekea 143 bila ulinzi wowote, mwambieni arekebishe. Ofisi inayotumia Microsoft 365 au Google Workspace haina haja ya zoezi hili, kwa kuwa huduma hizo mbili tayari zina njia zao za kusukuma barua hadi kwenye simu.

Sasa mpokeeni afisa mauzo. Swali la kwanza la kumuuliza, na kwa maoni yangu ndilo lenye uzito kuliko bei, ni hili: je, simu zetu zitaunganishwa moja kwa moja na seva yetu, au barua zitapitia kwanza kwenye seva ya mtandao wenu au ya kampuni nyingine mnayoshirikiana nayo? Huduma za zamani zilifanya kazi kwa njia ya pili. BlackBerry, iliyoanza mwaka 1999 na kuzoesha wafanyabiashara duniani kusoma barua pepe mkononi, ilipitisha mawasiliano kwenye mitambo yake yenyewe, na tarehe 4 Januari 2022 ilipozima huduma za simu zake za zamani, simu hizo hazikuweza tena kutegemewa hata kwa kupiga na kupokea. Palipo na seva ya katikati, kuna mtu mwingine anayeshika nenosiri lenu au kibali cha kuingia kwenye akaunti zenu, na barua za wateja zinakaa kwake hata kama ni kwa dakika chache. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamgusa kila anayechakata taarifa za watu, ninyi mkiwamo. Ombeni maelezo kwa maandishi kuhusu mahali seva hiyo ilipo, muda ambao barua huhifadhiwa, na kitakachofanyika mkataba ukiisha. Jibu la mdomo la kwamba kila kitu kiko salama halitoshi.

Swali la pili ni la kiufundi, na afisa mauzo asiposhika jibu lake awapigie mafundi wake. Mitandao ya simu hukata mawasiliano yaliyokaa kimya kwa muda ili kupunguza mzigo wa mitambo. Kwa IMAP, utaratibu wa kusukuma barua uliochapishwa mwaka 1997 unashauri simu ifufue mawasiliano angalau kila dakika 29. Mtandao ukikata baada ya dakika 5 za ukimya, simu itaendelea kuamini kwamba imeunganishwa kumbe imekwisha kuachwa. Ulizeni muda huo ni dakika ngapi kwa laini za biashara, na kama kuna mipangilio maalumu ya APN (lango ambalo simu hupitia kuingia kwenye intaneti) inayotakiwa kuwekwa.

Swali la tatu linahusu kifurushi kinapokwisha. Mawasiliano yanayobaki wazi hula data kidogo sana. Kinachomaliza bando ni viambatisho, tena kwa kiwango ambacho wengi hawakitarajii, kwa kuwa faili likipachikwa kwenye barua pepe huongezeka ukubwa kwa takriban theluthi moja. Hati ya MB 3 iliyopigwa picha kwa simu husafiri kama MB 4 hivi, na ikitumwa kwa watu watano wa ofisi moja ambao simu zao zinapakua viambatisho zenyewe, MB 20 zimekwenda kwa barua moja. Bora laini za ofisi ziwe za malipo ya mwezi kwa ankara kuliko kumwachia kila mfanyakazi ajiunge bando la siku, ambalo huisha saa 4 usiku bila mtu kugundua.

Kwenye simu

Hapa chagueni programu kwa kuangalia mfumo wa barua zenu, si kwa mazoea. Mwenye Gmail au Google Workspace atumie programu ya Gmail, hata kama ana iPhone, kwa sababu programu ya Mail iliyomo ndani ya iPhone huchukua barua za Gmail kwa vipindi tu. Mwenye Microsoft 365 aweke Outlook. Simu za zamani zinazotaka jina na nenosiri tu zitakataliwa, kwani Microsoft ilianza kufunga njia hiyo ya kuingilia tarehe 1 Oktoba 2022, na hakuna ujanja wa kuikwepa. Mwenye IMAP ya kawaida kwenye Android anaweza kutumia K-9 Mail au Thunderbird, ambazo zina uwezo wa kuacha mawasiliano wazi. Baada ya kuingiza akaunti, lazima aende kwenye mipangilio ya folda na kuwasha usukumaji wa barua kwa kikasha kikuu. Asiwashe kwa folda zote, kwa kuwa kila folda huongeza kazi ya simu na hakuna anayehitaji kuamshwa na barua taka.

Kisha betri, ambayo ndiyo chanzo cha malalamiko mengi ninayoyasikia. Tangu toleo la Android 6 la mwaka 2015, simu ikilala juu ya meza bila kuguswa hupunguza kazi za programu zilizo nyuma ya pazia, na watengenezaji kadhaa wameongeza juu yake programu zao za kusafisha simu ambazo huua chochote kisichotumika. Mtumiaji huona barua zinaingia vizuri anapoichezea simu, akiiweka mfukoni zinakoma, kisha akiiwasha zinamiminika sita kwa pamoja. Fungueni mipangilio, ingieni sehemu ya programu, chagueni programu ya barua, kisha kwenye betri iondoleeni vizuizi. Kama simu ina programu ya kusafisha, iwekeeni barua pepe kwenye orodha ya zisizoguswa. Ruhusuni matumizi ya data nyuma ya pazia hata pale kibana data kinapowashwa. Kwa iPhone, jihadharini na hali ya kubana umeme: ikiwa imewashwa, programu ya Mail huacha kuchukua barua mpya yenyewe.

Jaribieni kabla ya kugawa kwa wote. Wapeni watu watatu wenye mizunguko tofauti: anayekaa ofisini Posta, anayeshinda bandarini, na anayerudi nyumbani Mbezi au Kigamboni. Zimeni Wi-Fi, fungeni skrini, acheni simu kwa saa nzima, kisha tumeni barua kutoka akaunti nyingine na mwandike saa ya kutuma na saa arifa ilipolia. Rudieni mtu anapotoka kwenye Wi-Fi ya ofisi kwenda kwenye data ya simu, maana hapo ndipo mawasiliano ya zamani hufa na mapya hayajaanzishwa. Ikichelewa kwa simu moja tu, tatizo ni simu. Ikichelewa kwa wote waliotoka nje, wakati waliobaki kwenye Wi-Fi wanapata papo hapo, mtandao unapaswa kuulizwa.

Simu ikipotea, na barua ya kuharakisha malipo

Simu yenye barua za kampuni ni kabati la mafaili linalotembea barabarani, na vibaka wa pikipiki hawachagui simu ya nani. Kila simu iwe na namba ya siri ya skrini, uthibitishaji wa hatua mbili uwashwe kwenye akaunti zote, na namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, ambayo hupatikana kwa kubonyeza *#06#, iandikwe kwenye daftari la ofisi siku simu inapokabidhiwa. Laini zisajiliwe kwa jina la kampuni; laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA cha mfanyakazi ataondoka nayo siku atakapoacha kazi, pamoja na wateja wanaoijua. Simu ikiibwa, msimamizi wa akaunti aiondoe kwenye orodha ya vifaa na kufuta data kwa mbali, abadilishe nenosiri, kisha ndipo polisi na mtandao wajulishwe. Mpangilio huo una sababu yake: foleni ya kituoni inaweza kuchukua asubuhi nzima. Mfanyakazi anayetumia simu yake binafsi aelezwe mapema, tena kwa maandishi, kama kufuta kwa mbali kutagusa barua tu au na picha za watoto wake.

Hatari nyingine inaletwa na kasi yenyewe. Matapeli huingia kwenye akaunti ya msambazaji, husoma mazungumzo kimya kimya, kisha siku ya malipo hutuma ankara ileile ikiwa na akaunti mpya ya benki na maelezo kwamba akaunti ya zamani inakaguliwa. Anayeisoma akiwa kwenye foleni ya Ubungo, kwenye skrini ndogo inayoonyesha jina la mtumaji bila anwani yake kamili, huidhinisha kwa neno moja. Wekeni utaratibu kwamba badiliko lolote la akaunti ya benki huthibitishwa kwa kupiga simu kwenye namba mliyokuwa nayo tangu zamani, kamwe si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo, na kwamba hakuna malipo ya aina hiyo yanayoidhinishwa kutoka kwenye simu.

Zipo pia siku ambazo kosa halitakuwa lenu wala la simu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo barua husubiri kwenye seva hadi njia ifunguke. Kubalianeni na wateja wakubwa kwamba jambo la haraka lisilojibiwa ndani ya saa moja lifuatwe kwa simu au SMS. Na mnapopiga huduma kwa wateja kulalamika, muwe na aina ya simu, programu inayotumika, saa barua ilipotumwa, saa ilipofika, na kama simu ilikuwa kwenye Wi-Fi au data, kwa sababu bila hayo mtaambiwa mzime simu na kuiwasha.