SOMO: Sosi ya tungule (nyanya) ya spageti (soma yote kabla hujauliza)

Nimechoka kujibu kitu kimoja kila wiki, kwa hivyo naandika hapa mara moja, atakayeniuliza tena namtumia hii. Hii ni sosi ya Kitaliano, si mchuzi wala si rosti, bizari na dania na garam masala ziacheni kabatini.

Vitu: kilo 1 ya tungule, chembe nne za thomu (kitunguu saumu), vijiko vitatu vya mafuta ya zeituni, chumvi, majani ya mrehani (basil). Yatosha pakiti ya spageti ya gramu 400. Tungule chukua zile ndefu zilizoiva hadi shingoni, zina nyama kuliko za duara. Sokoni Kongowea hata zile laini zinazouzwa rahisi zafaa sana, bora zisiwe na ukungu.

1. Chanja kila tungule kwa chini, itie maji yanayochemka nusu dakika hivi, hamishia maji baridi, menya.

2. Ziponde kwa mkono. Ule ute wa mbegu usitupe, utamu uko hapo.

3. Kaanga thomu kwa yale mafuta, moto mdogo. Ikiungua mwaga uanze upya, itakuwa chungu.

4. Tia tungule na chumvi.

5. Kukausha. Hapa ndipo watu wanapoharibu halafu wanarudi kwangu ati mbona imekuwa supu. Tungule karibu yote ni maji na kazi ya hatua hii ni kuyatoa, sasa ukifunika yatatokea wapi? USIFUNIKE. Na usiongeze maji, hata yale ya kusuuzia bakuli. Sufuria iwe pana, moto chini ya wastani, ichemke kivivu dakika 40 au zaidi, lakini saa usiiamini sana, pitisha mwiko chini ya sufuria, ile njia ikikaa wazi kidogo kabla ya kujifunga na mafuta yakianza kujitenga pembeni, bas. Mwisho mwisho usiende kuchezea simu manake ndipo inaposhika chini, na ikishashika USIKWANGUE, mimina ya juu kwenye sufuria nyingine, ukikwangua moshi unaingia kote na hakuna dawa. Halafu hizi sufuria zetu za alumini za wali, asidi ya tungule inazila na sosi inakuwa na ladha ya chuma. Tumia ya stili.

6. Zima moto, chanachana mrehani utie.

7. Spageti ichemshe kwa maji mengi yenye chumvi, lita 1 kwa gramu 100. Kabla hujachuja chota kikombe cha yale maji, kisha changanya spageti ndani ya sosi ikiwa motoni na umwagie kidogo kidogo, ule wanga ndio unaoishikisha sosi.

MASWALI

— Naifunika dakika ngapi?
Hatua ya 5. Herufi kubwa sikuzitia kwa urembo.

— Mimi nilitia tungule ya kopo na vikombe viwili vya maji, ikawa chapwa. Somo lako halifanyi kazi.
Ndugu, hilo somo uliloharibu si langu.

— Mamangu hutia vitunguu maji na karoti na inatoka tamu kuliko hiyo yako.
Sijasema ni makosa, hata Waitaliano wako wanaotia. Hii ni ya tungule peke yake. Mama nisalimie.

— Samahani, yangu ilikauka vizuri lakini ina uchachu. Nitie sukari?
Swali zuri hili. Sukari haiondoi asidi, inaificha tu, kwa hivyo tia kidogo kama uchachu si mwingi. Ikiwa imezidi kabisa chukua magadi ya soda (baking soda) kwa ncha ya kisu, koroga, itatoa povu, ikitulia onja kwanza kabla hujafikiria kuongeza. Ukizidisha utakula sabuni. Na mara nyingine chagua zilizoiva zaidi, au ziache mezani siku mbili zikolee.

— Naweza kupika nyingi nikatia chupani nikafunga nikaweka kabatini?
Usifanye hivyo dada. Uchachu wa tungule uko mpakani, nyingine hautoshi kuzuia vile vijidudu vya botulizimu, na sumu yake unaweza usiione wala usiinuse. Friji siku tatu nne, zaidi ya hapo friza, inakaa miezi. Gawanya kwenye mikebe ya mlo mmoja mmoja.

— Mikebe yangu ya plastiki imebaki nyekundu hadi leo, nimesugua nimechoka.
Usisugue, unaichubua tu na rangi inazidi kuingia. Ioshe, ianike wazi juani siku moja mbili, itafifia yenyewe.

— Naongezea hapo, pakeni mafuta kidogo ndani kabla ya kumimina, na sosi ipoe kwanza. Ile iliyobaki mimi nachovea mihogo ya kukaanga.
Na pilipili ya kuponda?

— Na ndimu.