Kabla hujanunua kiwanja Fuoni, hesabu njia

Nimezaliwa Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, nimejenga Fuoni, nje ya mji. Kule kwetu uchochoro mmoja ukizibwa na gari ya mzigo unapinda wa pili, unatokea sokoni Darajani. Huku naona mnara wa msikiti kwenye dirisha la jikoni, lakini kwa miguu ni dakika 12.

Mkoa wetu wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678 katika sensa ya 2012. Ya 2022 ikahesabu 893,169. Mashamba ya mihogo yanageuka nyumba, na kila mwenye shamba anakata viwanja vyake peke yake. Viwanja vinapakana, njia hazionani. Na njia ikishakaa hivyo, imekaa: nyumba hubomolewa, njia hubaki.

Basi dalali akikupeleka, shuka garini utembee. Kila pahala njia zinapokutana au inapoishia moja, simama uhesabu unaweza kutoka pale kwa njia ngapi. Isiyotoka andika 1, ya njia tatu andika 3, njia panda kamili andika 4. Fanya hivyo pahala 10, jumlisha, gawa kwa 10. Kwangu, zisizotoka nne, za tatu tano, njia panda moja: jumla 23, wastani 2.3. Mimi sasa ningepata chini ya 2.5 ningeondoka. Watafiti wanaopima kutawanyika kwa miji hutumia hesabu ya namna hii hii. Kule Marekani waliona hali ilizidi kuharibika mpaka miaka ya 1990, ndipo njia zikaanza tena kuunganishwa.

Usihesabu kijia kinachopita kiwanjani kwa mtu. Nilikihesabu mimi, watoto wakipita kwendea skuli. Mwenyewe akajenga ukuta, haki yake. Wiki ile jirani yetu akafiwa na mama yake; jeneza lilifika ukutani, wanaume wakageuka nalo mabegani, wakazunguka kote. Sijasahau.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, nenda na muuzaji kwa sheha, kiongozi wa mtaa, muandike kwenye hati ya mauziano upana wa njia kwa mita na inatokea wapi. Njia moja haitoshi, dai ya pili. Pimeni kwa kamba, mpige vigingi vya chuma mbele ya majirani.

Sisi watatu tulioungana nyuma tumekubaliana kila mmoja aache mita moja na nusu. Vigingi tumeshapiga, bado jirani mmoja mwengine, na Ijumaa tunakwenda kwake.