SOMO: Kufanyia sevisi shokapu ya hewa ya nyuma ya baiskeli ukiwa nyumbani

Wengi hungoja shokapu ianze kuvuja ndipo waishughulikie. Kufikia hapo vumbi limeshapita kwenye sili (ringi za mpira zinazozuia hewa isitoke) na kukwaruza shafti (fimbo inayoingia na kutoka kwenye silinda), na shafti iliyokwaruzika haiponi kwa grisi. Watengenezaji wa shokapu RockShox, kwa mfano, wanataka silinda ya hewa ifunguliwe na kusafishwa kila baada ya saa 50 za kuendesha, na dampa (sehemu inayotuliza kudunda kwa shokapu) kila saa 200. Leo tunafanya ya saa 50. Dampa hatuigusi kabisa: ina mafuta na, kwa shokapu nyingi, nitrojeni yenye presha kubwa. Hiyo ni ya fundi mwenye vifaa vyake.

Andaa pampu ya shokapu (ya matairi haifai), seti ya sili ya modeli yako hasa, grisi ya sili za shokapu, mafuta aliyotaja mtengenezaji, alkoholi ya isopropili, vitambaa visivyoacha nyuzi, kijiti cha plastiki au mbao, spana za L, glovu na miwani. Grisi ya kawaida ya gari iache, huweza kuharibu mpira wa sili.

Hatua ya 1. Andika presha uliyonayo. Funga kitufe cha ribaundi (kinachorekebisha kasi ya shokapu kurudi ikishakandamizwa) hadi mwisho huku ukihesabu mibofyo, uandike pia.

Hatua ya 2. Toa hewa. Hapa naomba usiharakishe hata kidogo. Bonyeza pini ya valvu taratibu, kisha kandamiza tandiko mara kadhaa na kuliachia, halafu bonyeza pini tena. Rudia mpaka kusitoke kitu. Sababu ni kwamba ndani kuna chemba mbili, chanya na hasi, na hewa ya chemba hasi hutoka tu shokapu inaporefuka na kufika kwenye upenyo unaoziunganisha. Ukiachia yote kwa mkupuo, hewa inanaswa upande wa pili.

Hatua ya 3. Fungua bolti, toa shokapu kwenye fremu, kisha ivute kwa mikono. Ikibaki imejikunja na kukataa kurefuka, simama hapo hapo. Kuna presha imenaswa, na silinda ikifunguliwa katika hali hiyo inaweza kuruka na kukuumiza vibaya.

Hatua ya 4. Futa uchafu wote wa nje. Pitisha kitambaa kwenye tundu la bolti, funika shokapu, kisha fungua silinda kwa mkono wenye glovu ya mpira. Ikigoma, tumia spana ya mkanda. Koleo usilikaribishe. Modeli nyingine zina ringi ya kushikilia silinda inayotolewa kwanza.

Hatua ya 5. Toa sili. Bana oringi (sili ya mviringo) kwa vidole viwili mpaka itengeneze nundu, ingiza kijiti chini ya nundu, inyanyue. Chuma chenye ncha kikiteleza kinaacha mkwaruzo ambao hewa itapitia. Zipange kwenye kitambaa kwa mpangilio uleule zilivyotoka, hasa zile ringi bapa zinazokaa ubavuni mwa oringi. Safisha kila mfereji kwa alkoholi, kisha pitisha ukucha kwenye shafti toka juu hadi chini. Ukucha ukinasa mahali, shafti inahitaji fundi.

Hatua ya 6. Weka sili mpya zikiwa na grisi, tia mafuta kiasi kile kile kilichoandikwa kwenye mwongozo, rudisha silinda, kaza kwa mkono.

Hatua ya 7. Jaza hewa hadi psi 50 (kipimo cha presha kwenye geji ya pampu), kandamiza taratibu mara kumi katika robo ya kwanza ya mwendo, ongeza tena, kandamiza tena. Geji itashuka kwa sababu hewa inahamia chemba hasi. Usivuke presha ya juu iliyoandikwa kwenye shokapu. Ukishaifunga kwenye fremu, kaa kwenye tandiko upime inavyozama: asilimia 25 hadi 30 ya mwendo wa shafti. Mwendo wa mm 50 unakupa mm 12.5 hadi 15.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, kila nikipima presha naikuta imepungua. Inavuja?
Jibu: Si lazima. Ukiunganisha pampu, hewa ya shokapu inajaza mpira wa pampu, ndiyo maana geji inasoma chini. Ule mlio wa kuchomoa pampu nao ni wa hewa ya kwenye mpira wake. Kama una shaka, paka maji ya sabuni kwenye valvu na shingo ya silinda, utafute mapovu.

Swali: Fundi, nimekuta mafuta mengi ndani ya silinda kuliko niliyoweka.
Jibu: Dampa inavuja kuingia upande wa hewa. Grisi haitasaidia, ipeleke kwa fundi. Dalili nyingine ni ribaundi kutobadilika hata ukizungusha kitufe, na sauti ya sifongo iliyolowa.

Swali: Samahani mkuu, sina seti mpya. Naweza kurudisha sili za zamani?
Jibu: Kama unasafisha tu na hazijapasuka wala kuwa bapa, rudisha. Ila sili ya vumbi (ile inayozuia vumbi lisiingie kwenye silinda) iangalie vizuri: mdomo wake ukiwa umechanika, usiifunge, subiri mpya.